Safu Mbili za Daftari la Sungura

Kazi ya Bi Vifungo ilikuwa kuhesabu mavi ya sungura, na yeye mwenyewe hakuwahi kuipamba kwa jina jingine. Ofisini waliiita "kukadiria idadi ya wanyamapori," wakaiandika hivyo kwenye barua zenye mhuri, lakini mtaani watu hawakuwa na muda wa mapambo. Akipita asubuhi na mkoba begani, fundi viatu wa kona humuuliza, "Jana mmepata ngapi, Bi Vifungo?" Naye humjibu, "Nyingi kuliko viatu ulivyorudisha kwa wakati," kisha wote wawili hucheka, kila mtu akashika lake.

Watu wakishacheka hudhani ni kazi ya mzaha. Haya, jaribu wewe. Sungura wa hadithini hujitokeza mwenyewe, akasema maneno mengi, akamlaghai fisi mpaka mwisho. Wa mlimani hana habari nawe. Anasikia mguu wako ukiwa bado mbali, na wewe unachoambulia ni nyasi zinazotikisika. Kwa hiyo ukitaka kujua wako wangapi, unaachana na sungura mwenyewe na kutazama alichoacha.

Mlima ule una makazi ya aina nne: chini kabisa msitu, juu yake vichaka, juu ya vichaka nyasi zilizo wazi, na mwisho mawe na upepo. Katika kila eneo kuna vigingi arobaini vya chuma vilivyopigwa ardhini. Mhesabu hufunga kamba ya mita moja kwenye kigingi, akaizungusha, na kila kilichomo ndani ya duara hilo ni chake. Anapiga magoti, anapekua majani kwa vidole, anahesabu punje za mavi moja moja. Baada ya hapo duara hufagiliwa likabaki safi kama kizingiti cha bibi mkali, ili msimu ujao zikutwe punje mpya tu. Ukijua punje ni ngapi na siku ngapi zimepita tangu ufagie, mtaalamu ofisini atakuambia sungura ni wangapi. Hesabu hufanyika mara mbili kwa mwaka, mvua zikiisha na kiangazi kikiisha.

Na hahesabu mtu mmoja. Kila duara lina wahesabu wawili. Mmoja anahesabu bila kuondoa kitu, mwenzake akiwa amempa mgongo, kisha wanabadilishana. Kanuni ya ofisi inataka kila mmoja aandike namba yake kabla hajasikia ya mwenzake. Daftari lina safu mbili, ya kushoto na ya kulia, na tofauti ikizidi punje tatu wote wanarudi magotini. Ni kanuni nzuri, iliyotungwa na watu wenye akili ambao, nadhani, hawakuwahi kufanya kazi na mjomba wao.

Maana safu ya kushoto ilikuwa ya mjomba wake Bi Vifungo, kaka wa mama yake, mzee mrefu mwenye goti bovu na mdomo usiojua kusifu. Mama yake Bi Vifungo alikuwa fundi cherehani. Alipofariki, binti akiwa na miaka kumi na mmoja, mashine iligombaniwa na ndugu siku hiyohiyo, na kopo la vifungo likabaki sakafuni bila wa kulitaka. Mjomba alimchukua mtoto mkono mmoja na kopo mkono mwingine, akaenda navyo nyumbani. Miaka minane baadaye alimpandisha mlimani kwa mara ya kwanza. Alipoona binti anasahau namba katikati ya duara na kuanza upya kila mara, alimwambia kesho yake aje na lile kopo. Vifungo vikatiwa mfuko wa kulia wa koti. Kila punje moja, kifungo kimoja kinahamia mfuko wa kushoto. Tangu siku hiyo hakupotea hesabu tena, na jina likamganda.

Mjomba hakuwahi kumwambia, "Umefanya vizuri." Akiridhika alisema, "Haya, twende duara jingine." Bi Vifungo aliishi miaka na miaka kwa lile "haya" moja, akatosheka nalo kabisa.

Ila wawili hao walikuwa na utaratibu wao ambao haukuandikwa popote. Mpwa ndiye aliyeshika daftari, kwa sababu mwandiko wake ulisomeka. Na kwa kuwa mtu haanzi kusema mbele ya mkubwa wake, mjomba ndiye aliyesema namba kwanza. Mpwa aliiandika kushoto, ndipo alipohesabu vifungo vya mfuko wake na kuandika yake kulia. Mfuko ni wake, vifungo ni vyake, nani angeingiza mkono kukagua? Kwa miaka kumi na minne hakukuwa na sababu ya kuuliza swali hilo.

Sababu ilikuja kiangazi kimoja, kwenye duara la kumi na saba la nyasi za juu. Kiangazi kule punje hukauka na kupauka mpaka zinafanana na nyasi zenyewe. Wakati wa mvua ni nyeusi juu ya kijani, hata mtu anayesinzia ataziona, lakini kiangazi unatafuta majani makavu ndani ya majani makavu. Mjomba alisema, "Kumi na nne." Bi Vifungo alikuwa na vifungo ishirini na sita.

"Mimi nina ishirini na sita, mjomba."

"Umehesabu na vijiti," mzee alisema. "Turudie."

Wakarudia. Safari hii Bi Vifungo hakumpa mgongo vizuri. Aligeuza shingo kidogo, akaona. Aliuona mkono wa mjomba ukipita juu ya punje tatu zilizolala pamoja, peupe, ukaendelea na safari yake kana kwamba hazipo. Mzee akasimama akishika goti, akasema kwa uhakika uleule, "Kumi na tatu. Sasa wewe?"

Bi Vifungo alimwona mzee amesimama na kofia yake iliyopauka, uso ukiwa na fahari ya mtu ambaye hajawahi kukosea, akakumbuka kopo la vifungo sakafuni. "Umesema kweli, mjomba," alisema. "Nilihesabu vijiti. Ni kumi na nne." Akaandika.

"Ndiyo maana tunarudia," mjomba alisema. "Haya, twende duara jingine."

Uongo wa kwanza ulimtoa jasho. Wa ishirini ulitoka kama salamu. Kiangazi kile alimfuata mjomba duara kwa duara kwenye nyasi za juu. Alijifunza hata ufundi wake, akawa anaongeza moja hapa na kupunguza mbili pale, ili safu ya kulia isifanane mno na ya kushoto. Alijiambia kwamba mzee amebakiza miaka michache astaafu kwa heshima, na kwamba punje kumi za mavi hazijawahi kumuua mtu. Mvua zikija mambo yalijinyoosha yenyewe, maana mzee aliona vizuri, namba zikawa za kweli, naye akapumua. Kisha kiangazi kikarudi, na tofauti ikawa kubwa zaidi.

Kiangazi cha tatu kilipopita, mtaalamu aliwaita ofisini. Alikuwa mama wa makamo mwenye miwani myembamba na haraka nyingi, mtu mwema kabisa, na hilo ndilo lililofanya mambo yawe mabaya. Alikuwa amebandika ukutani karatasi kubwa yenye mistari minne ya rangi, kila eneo na mstari wake. Msitu, vichaka na mawe vilikwenda sawa, vikipanda na kushuka kidogo. Mstari wa nyasi za juu ulipanda wakati wa mvua na kuporomoka kiangazi, na kila kiangazi uliporomoka zaidi.

"Sungura wa nyasi za juu wanapotea kiangazi," mtaalamu alisema, akipitisha kalamu juu ya mstari. "Na kiangazi nani anapanda kule juu? Kondoo. Huku chini majani yamekwisha, wafugaji wanapandisha mifugo, sungura wanakosa pa kujificha. Picha imekamilika."

"Unaweza kuwa umekosea," Bi Vifungo alisema. Sauti yake mwenyewe ilimshtua.

"Ningekubali, kama wahesabu wangekuwa wanatofautiana. Lakini nyie!" Mtaalamu alicheka kwa furaha. "Sijawahi kuona wawili wanaokubaliana namna hii. Nimeandika hivyo kwenye taarifa yangu. Kiangazi kijacho kikitoka hivihivi, nyasi za juu zinafungwa kwa kondoo, moja kwa moja."

Njiani mjomba alitembea polepole kuliko kawaida, na walipofika penye njia panda alisema, "Miaka thelathini nawahesabu wale sungura. Sikujua nitawahesabu mpaka waishe." Bi Vifungo alimtazama akaona macho ya mzee yamejaa machozi, na akaona pia kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeyaleta.

Sasa ngoja niseme aliyekuwa anapandisha kondoo kule juu. Wafugaji walikuwa familia kumi na mbili, na mmoja wao alikuwa dada yake mkubwa Bi Vifungo, aliyeolewa upande wa pili wa mlima, mwenye kondoo sitini na mume mgonjwa wa kifua. Habari za kufungwa kwa nyasi zilimfikia kabla ya wiki kwisha. Alikuja chumbani kwa mdogo wake mchana mmoja, akakaa kwenye ukingo wa kitanda bila kuvua viatu, na hakutaka hata maji.

"Nina swali moja," alisema. "Wewe ndiye unayepiga magoti kule. Hawa watu wa ofisini wana karatasi zao, mimi sizijui. Niambie wewe. Sungura wamekwisha kweli?"

Bi Vifungo alianza kukunja nguo zilizokuwa zimeshakunjwa. "Ndivyo daftari linavyosema, dada."

"Sijakuuliza daftari."

"Dada, mimi ni mhesabu tu, siyo mwamuzi."

Dada yake alimtazama kwa muda. Walilelewa mahali tofauti baada ya mama kufariki, huyu kwa mjomba, yule kwa bibi, lakini kuna kutazamana kwa ndugu ambako hakusahauliki. "Kiangazi bila nyasi za juu," dada alisema, "nusu ya kondoo wangu watakufa mwaka wa kwanza. Sikutishi. Nakuambia tu, kwa sababu hiyo ndiyo hesabu yangu." Akainuka, akaondoka. Bi Vifungo alibaki amekumbatia shati, akajichukia kwa moyo wake wote.

Utasema, si aende amwambie mjomba ukweli siku hiyohiyo? Alijaribu, siku tatu mfululizo. Siku ya kwanza alimkuta mzee anatengeneza mlango wa banda na mkewe anamcheka, akaona asiharibu. Siku ya pili alikaribishwa chakula, akala, akaaga. Siku ya tatu alifika mpaka getini akageuka. Kumwambia mzee kwamba macho yake yamekwisha lilikuwa jambo moja. Kumwambia kwamba mpwa wake amemgeuza mwongo kwa miaka mitatu, kwa mwandiko mzuri, lilikuwa jambo jingine. Ndivyo miezi ilivyopita, mvua zikaja, zikaisha, na kiangazi cha nne kikafika mwisho wake.

Walipanda asubuhi na mapema, wakahesabu msitu siku ya kwanza na vichaka siku ya pili. Siku ya tatu wakatokea kwenye nyasi za juu jua likiwa limeshawaka. Upande wa pili wa bonde kondoo walionekana wametawanyika, weupe wachafu, na Bi Vifungo alijua baadhi yao ni wa nani. Mjomba alifunga kamba kwenye kigingi cha kwanza, akapiga magoti, akachukua muda mrefu. Bi Vifungo alimpa mgongo kama inavyotakiwa, akasikia pumzi ya mzee ikikaribia ardhi. Kisha ikawa zamu yake. Vifungo vilihama mfuko mmoja kwenda mwingine, kimoja kimoja, vikapita ishirini.

Alisimama. Mzee akafungua mdomo kusema, kama kawaida.

"Leo nitaanza mimi, mjomba."

"Uanze nini?"

"Kusema namba."

Hata kondoo wa ng'ambo wangejua kwamba jambo limeharibika. Mjomba alimgeukia taratibu. "Sema basi."

"Thelathini na nne."

Upepo ulipita, ukalaza nyasi, ukaziacha zisimame tena. "Mimi nina tisa," mzee alisema.

Hakungoja kuambiwa arudie. Alipiga magoti mwenyewe, kichwa chini, uso ukakaribia kugusa udongo, na akapekua, akapekua, mpaka Bi Vifungo akashindwa kutazama. "Tisa," alisema mwishowe. Kisha, kwa sauti ndogo, "Kumi."

Bi Vifungo alipiga magoti kando yake. Alikishika kidole cha shahada cha mjomba, kama mzee alivyowahi kukishika chake siku ya kwanza ya kazi, akakiweka juu ya punje moja. "Hii."

"Hiyo nimeihesabu."

"Na hii?"

Mzee alikaza macho.

"Na hii. Na hii. Hizi tatu hapa zimelala pamoja." Alikisogeza kidole punje hadi punje, naye mzee alikubali kuongozwa, akizigusa moja moja kwa ncha ya kidole, akizibonyeza kidogo kana kwamba anazipima ukweli wake. Zilipofika kumi na mbili aliuvuta mkono wake.

"Tangu lini?"

"Tangu lile duara la kumi na saba. Hiki ni kiangazi cha nne."

"Na namba zako zote zile za upande wa kulia?"

"Zilikuwa zako, mjomba. Nilikuwa naongeza moja, napunguza mbili."

Alijiandaa kwa hasira. Alikuwa ameisubiri kwa miaka mitatu, na kwa kweli aliitamani. Lakini mjomba alikaa chini, palepale ndani ya duara, mguu wenye goti bovu ameunyoosha mbele, akavua kofia.

"Unajua nilikuwa nafanya nini na lile daftari kila jioni?"

"Ulikuwa unakagua."

"Nilikuwa najipima macho," mzee alisema. "Nilishindwa kutunga uzi kwenye sindano. Nikajikwaa kwenye ngazi za nyumbani, mimi, ngazi nilizozijenga mwenyewe. Nikasema, macho haya yanakwisha. Mke wangu akaniambia nenda hospitali. Nikamwambia ngoja. Nina mtu ninayehesabu naye, macho yake ni mazima, namba zake zitaniambia. Kila jioni nafungua daftari, naangalia yako na yangu, naona zinakwenda pamoja. Nikamwonyesha mke wangu. Nikamwambia, tazama, bado naona vizuri kama mtoto huyu. Wanaokwisha ni sungura."

Bi Vifungo alilifunga daftari.

"Nilikuwa nalia kwa ajili ya sungura," mjomba alisema, akacheka kicheko kisicho na furaha yoyote. "Na wewe ulikuwa unaniona."

"Niliogopa utaaibika."

"Ningeaibika. Siku moja, mbili. Kisha ningekwenda kwa daktari."

Bi Vifungo alilia wakati huo, kwa sauti, kama mtoto, na mjomba hakumnyamazisha. Baada ya muda aliona mkono wake mwenyewe umekwenda kwenye ufagio mdogo wa mkobani, kwa mazoea tu, kwa kuwa duara likishahesabiwa hufagiliwa.

"Usifagie," mjomba alisema. "Usiguse duara hata moja. Waje wengine wahesabu."

Waliteremka siku hiyohiyo, mzee mbele kwa sababu alikataa kushikwa mkono, mpwa nyuma akihesabu kila jiwe ambalo mguu wa mzee ulilikosa. Ofisini mjomba hakumwachia aseme peke yake. Alisimama mbele ya karatasi yenye mistari minne, akasema namba za nyasi za juu za kiangazi si za kweli, macho yake yamezikosa, na mpwa wake amezificha. Akalisema lote kwa sentensi mbili. Mtaalamu alivua miwani, akaivaa, akaivua tena.

"Miaka mitatu," alisema. "Niliandika kwenye taarifa kwamba mnakubaliana kuliko wahesabu wote." Kisha akamgeukia Bi Vifungo, na hasira yake ilikuwa ya haki. "Ungetofautiana naye tu! Ndiyo kazi yenyewe. Tunawalipa wawili ili mtofautiane!"

Waliletwa wahesabu wengine kutoka mlima mwingine, vijana wawili wasiojuana. Walihesabu maduara yaleyale yasiyofagiliwa, wakatofautiana hapa na pale kama watu wa kweli, wakarudia, wakaelewana. Sungura wa nyasi za juu walikuwepo, wengi kama wa mvua, kondoo wawepo wasiwepo. Karatasi ikabanduliwa ukutani. Nyasi hazikufungwa. Misimu mitatu ya kiangazi ikapigwa mstari mwekundu, na kwa kuwa maduara yake yalishafagiliwa zamani, hakuna atakayejua kamwe sungura walikuwa wangapi miaka ile. Bi Vifungo alinyang'anywa daftari. Alibakizwa kazini kukaza vigingi vilivyolegea, na hata hiyo aliona ni huruma.

Alikwenda kwa dada yake kumweleza kwa mdomo wake. Dada alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni, mkono juu ya kichwa cha kondoo aliyekuja kunusa. "Kwa hiyo siku ile nilipokuuliza," alisema, "ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Asante kwa kusema," dada alisema, akaingia ndani. Hakufunga mlango, ila hakumkaribisha. Bi Vifungo alisubiri kidogo, kisha akashika njia.

Siku ya hospitali ya macho alimsindikiza mjomba, kwa sababu mke wa mzee alisema yeye akienda atamgombeza daktari. Daktari alitazama ndani ya macho kwa taa yake, akasema ni presha ya macho, imekula kwa miaka. Kilichopotea hakirudi. Kilichobaki kitalindwa kwa dawa ya matone, mzee akiwa mwaminifu. "Kama angekuja miaka mitatu au minne iliyopita, tungekuwa na mengi ya kulinda," alisema, akiandika, bila ukali, kama mtu anayesema maneno hayo kila siku. Ilibaki kupima mzee anaona upana gani.

Muuguzi aliwapeleka kwenye chumba kidogo chenye kitambaa cheusi kilichofunika ukuta mzima. Mjomba akakalishwa kwenye kiti, jicho moja limezibwa, akaambiwa atazame alama ya katikati tu. Muuguzi alikuwa na fimbo nyeusi yenye shanga ndogo nyeupe kwenye ncha. Angeionyesha mahali fulani juu ya kitambaa, na kila mzee akiiona aseme "ndiyo."

"Na wewe msindikizaji," muuguzi alimwambia Bi Vifungo, "kaa pale nyuma yake. Usimsaidie. Hata kukohoa usikohoe."

Akakaa. Shanga ilitokea katikati ya kitambaa. "Ndiyo," mjomba akasema. Ikatokea juu kidogo. "Ndiyo." Ikatokea kushoto, ikangoja, ikaondoka, mjomba alinyamaza, mgongo umenyooka, akitazama mbele kwa bidii ya mtu asiyejua kwamba kuna kilichopita. Ikatokea chini. Kimya. Kulia. Kimya. Bi Vifungo alijikuta mkono uko mfukoni, na kila shanga iliyotokea, kifungo kilihama. Na kila "ndiyo" ya mzee, kimoja alikitenga kwenye kiganja cha mkono mwingine. Aliuma meno asiseme. Iliendelea hivyo muda mrefu, jicho la kwanza na la pili, shanga ikizunguka kitambaa kama mtu anayepekua nyasi, na "ndiyo" zikizidi kuwa chache.

Muuguzi aliweka fimbo chini, akatoka kwenda kumwita daktari. Mjomba alibaki vilevile, amempa mpwa wake mgongo.

"Umehesabu?" aliuliza.

"Nimehesabu, mjomba."

"Zilikuwa ngapi?"

Bi Vifungo alitoa mkono mfukoni. "Hamsini na mbili."

"Na mimi?"

Alitazama kiganja chake, akavihesabu tena vifungo vya mama yake, kimoja kimoja, ingawa alishajua. "Kumi na tisa," alisema.

Mzee alitikisa kichwa taratibu, akiwa bado ameuelekea ukuta mweusi.

"Haya," alisema.